Santuri iliyofungiwa sandukuni haiimbi

Kizuri kula na nduguyo, walinena wahenga. Sijui, ndugu msomaji, kama walipokuwa wakinena hivyo walikuwa na santuri akilini, lakini methali hiyo inawafaa wapenzi wa jazi kuliko watu wengi ninaowafahamu. Mpenzi wa jazi ni kiumbe wa ajabu. Akipata sahani nzuri hapati usingizi mpaka amwite mwenzake aje asikie. Akishamwita, humkalisha kitini, humwambia, "Nyamaza kwanza, ngoja hapo gitaa linapoingia," kisha humkodolea macho usoni aone kama ameguswa. Asipoguswa, urafiki huingia ufa!

Hapa Riruta Satellite, na kwa majirani wetu wa Kawangware, Kabiria, Ngando na kule Kibera, wamo watu wengi kuliko unavyodhani ambao wamehifadhi santuri. Ziko chini ya vitanda, juu ya makabati na ndani ya masanduku ya mbao yaliyokuja na basi kutoka mashambani. Baadhi ya wenyewe ni wazee waliofika Nairobi kutafuta kazi wakiwa barobaro, wakatumia sehemu ya mshahara wao wa kwanza kununua sahani hata kabla ya kununua kitanda. Wengine ni vijana wa vyuoni ambao wameanza kuzisaka upya pale Kenyatta Market, ambako kibanda kiitwacho Real Vinyl Guru kimejulikana kwa miaka mingi, kikiwa kimezungukwa na wachoma nyama na wasusi wa nywele.

Watu hawa hukutana. Si chama, wala hawana mwenyekiti na mweka hazina wa kugombana naye. Jumapili alasiri mmoja hutoa sebule yake, mwingine huja na mashine, na kila mmoja huja na sahani kwapani. Kama hujawahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo, leo nitakueleza kinavyokwenda na kwa nini naona kila familia yenye santuri ingefaa kukianzisha.

JAZI IPI HASA?

Ugomvi wa kwanza katika kila kikao ni huu. Mmoja ataleta sahani ya Miles Davis na kutangaza kwamba hiyo ndiyo jazi. Mwingine atatoa sahani ya Shirati Jazz na kuuliza, "Na hawa je, jina hilo waliliokota wapi?" Hapo chai hupoa.

Ukweli ni kwamba wote wawili wana haki. Kwetu Afrika Mashariki neno "Jazz" lilifika mapema sana, nalo lilikuwa na maana pana. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka wa 1932. Morogoro Jazz ikafuata mwaka wa 1944. Baadaye zikaja Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, na mwaka wa 1964 Nuta Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Kujiita Jazz kulikuwa kutangaza kwamba ninyi ni bendi ya kisasa, yenye vyombo vya kisasa, na kwamba watu watakaokuja kwenu watacheza dansi.

Kilichochezwa hakikuwa muziki wa New Orleans. Kuanzia mwaka wa 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilitoa mfululizo wa santuri zilizoandikwa herufi GV, nyingi zikiwa za wanamuziki wa Cuba, nazo zilienea katika miji ya Afrika kama moto katika nyika kavu. Muziki wenyewe ulikuwa umevuka bahari zamani katika vifua vya Waafrika waliouzwa utumwani. Si ajabu basi kwamba uliporudi, masikio ya watu wa Leopoldville yaliutambua kama mtoto aliyepotea. Joseph Kabasele alipounda bendi yake mwaka wa 1953 aliiita African Jazz. Mwaka wa 1956 akina Franco Luambo wakaunda OK Jazz. Zote mbili zilipiga rumba, nayo rumba hiyo ya Kongo mwaka wa 2021 ilitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Lakini usidhani kwamba jamaa hawa hawakuijua jazi ya Marekani. Mwaka wa 1960 Louis Armstrong alizuru Afrika na tarumbeta yake, akapita Kongo na hapa kwetu Kenya. Na katika African Jazz ya Kabasele alipitia kijana wa Kameruni aliyeipenda jazi mno, aliyepuliza saksofoni. Jina lake Manu Dibango, yule aliyekuja kutikisa dunia kwa Soul Makossa mwaka wa 1972 na ambaye alituaga mwaka wa 2020. Kamba ni moja, mafundo ndiyo mengi. Huku kwetu mwanamuziki mmoja wa benga alimhusudu Kabasele hata akajiita kwa jina lake. Huyo ni Ochieng Kabaselleh.

Kwa hiyo, msomaji, ukiniuliza jazi ipi, nitakujibu: leta zote mbili, na uzicheze moja baada ya nyingine. Hapo ndipo masikio yanapofunguka.

SAHANI TANO ZA KIKAO CHA KWANZA

Mwenye kikao hutarajiwa kuchagua. Mimi kama ningekualika kwangu Jumapili hii, ningekuwekea hizi tano, kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni Kind of Blue ya Miles Davis. Ilirekodiwa New York mwaka wa 1959 kwa siku mbili tu, moja ya Machi na nyingine ya Aprili. Wanamuziki hawakupewa nyimbo zilizoandikwa zikakamilika. Walipewa michoro mifupi ya sauti na kuambiwa waendelee wenyewe. Ninaianza hii kwa sababu haipigi kelele. Hata mtoto aliyelala chumba cha pili haamki, na mgeni aliyeambiwa kwamba jazi ni ngumu huona kwamba anaweza kuifuata.

Ya pili ni Mulatu of Ethiopia, ya mwaka wa 1972. Mulatu Astatke alizaliwa Jimma mwaka wa 1943, akaenda kusoma muziki Uingereza na Marekani. Alipofika huko hakutupa alichotoka nacho nyumbani. Alichukua ngazi za sauti za Ethiopia, zile zinazokufanya uhisi huzuni na furaha kwa wakati mmoja, akazipigia vibrafoni na ngoma za Kilatini juu yake. Mwanafunzi anayedhani kwamba elimu ni kuiga na asikilize hii.

Ya tatu ni Mannenberg ya Abdullah Ibrahim, iliyorekodiwa Cape Town mwaka wa 1974. Nasi wakazi wa Kawangware na Kibera tuna sababu ya kuipenda. Imepewa jina la mtaa wa watu maskini waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya ubaguzi wa rangi. Hakuna risala ndani yake, lakini katika miaka ya themanini watu wa Afrika Kusini waliifanya kama wimbo wao wa ukombozi. Basil Coetzee, aliyepuliza saksofoni humo, alibaki akiitwa kwa jina la mtaa huo hadi alipokufa. Ni mara ngapi mtaa kama wetu umetajwa kwa sifa badala ya kutajwa katika habari za moto na mafuriko?

Ya nne ni sahani yoyote katika mfululizo wa Ukumbusho wa Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz mwaka wa 1964, akaenda nayo Japani katika maonyesho ya Osaka ya mwaka wa 1970, kisha mwaka wa 1973 akaunda Super Volcano. Januari 1979 alikufa katika ajali ya gari Mombasa, umri wake miaka 34. Santuri za Ukumbusho zilitolewa hapa Kenya baada ya kifo chake, na ndiyo maana utazikuta katika nyumba nyingi za Nairobi. Usisikilize maneno peke yake. Sikiliza jinsi gitaa lake linavyomjibu mwimbaji, kama mzee anayekatiza mazungumzo kwa adabu. Kisha urudi kwa Miles Davis, uniambie kama hao wawili wasingeelewana.

Ya tano ni sahani ndogo ya Shirati Jazz ya D. O. Misiani, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, lakini jina alilipatia Kenya, akaimba ya mapenzi na ya siasa kwa mafumbo yaliyomtia mbaroni zaidi ya mara moja. Alifariki mwaka wa 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu. Gitaa la benga hukimbia kama nyatiti, ala ile ya Wajaluo yenye nyuzi nane, nalo gitaa la besi halikubali kukaa nyuma kama mtumishi. Hii huwekwa mwisho kwa sababu baada yake hakuna atakayekaa kitini.

Haya, hiyo ni orodha yangu. Yako itakuwa tofauti, na ndiyo furaha yenyewe. Mtu akikuletea orodha sawasawa na yako, huyo hana la kukufunza.

ADABU ZA KIKAO

Mkono mtupu haulambwi. Kila ajaye aje na sahani moja, na aeleze kwa maneno machache kwa nini ameichagua. Asihutubu. Dakika mbili zinatosha, kisha sindano ishuke na midomo ifungwe.

Sahani ya mizunguko 45 ichezwe pande zote mbili. Watayarishaji wetu wa zamani walikuwa na desturi ya kuukata wimbo mrefu vipande viwili. Upande wa kwanza hubeba maneno, na upande wa pili ndio wenye magitaa yaliyofunguliwa kamba. Anayecheza upande mmoja na kuuondoa ni kama aliyealikwa karamuni akala ugali na kuiacha nyama.

Watoto wasifukuzwe. Mpe mmoja kazi ya kugeuza sahani, umwonyeshe namna ya kuishika kwa kingo bila kugusa mifuo. Mtoto aliyekabidhiwa kitu cha thamani hukiheshimu. Aliyekatazwa kukigusa hungoja utoke.

Majirani nao wakumbukwe. Nyumba zetu zimegusana kuta, na si kila mtu anataka kumsikia Franco baada ya kutoka kazini. Kikao kiishe kabla ya giza, na jirani akilalamika mwaliko ndio jibu la kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo linalovunja urafiki kuliko mapenzi na siasa. Nalo ni kuazimana. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sahani huondoka kwako ikiwa haina alama, hurudi miezi sita baadaye ikiwa na mkwaruzo na pete ya kikombe cha chai, au isirudi kabisa. Dawa yake ni daftari. Andika jina la sahani, jina la aliyeichukua, tarehe na hali yake ilipotoka. Usione haya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na aliye rafiki wa kweli hachukizwi na kalamu.

KUITUNZA

Sahani za plastiki huogopa joto. Chumba cha mabati saa nane mchana kinaweza kuzipinda kama chapati, kwa hivyo zisiwekwe juu ya kabati karibu na paa wala dirishani. Zisimamishwe wima kama vitabu. Zikilundikwa moja juu ya nyingine, uzito wa zile za juu huziharibu za chini.

Za kusafisha, tumia maji safi, sabuni laini kidogo na kitambaa kisichochuna. Pangusa kwa kufuata mzunguko wa mifuo, na karatasi ya katikati isilowe. Lakini jihadhari na zile nzito za zamani za mizunguko 78, zivunjikazo kama chungu. Nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa Asia, na spiriti huuyeyusha. Wapo waliozisafisha kwa spiriti ya dukani wakazifuta pamoja na nyimbo zake!

Tena usithubutu kuicheza sahani ya plastiki kwenye kinanda cha kale cha kuzungusha kwa mkono. Mkono wake ni mzito na sindano yake ni ya chuma. Itachimba mifuo kama jembe. Vinanda hivyo vilitengenezewa sahani za mizunguko 78, na hata kwa hizo sindano ilipaswa kubadilishwa kila baada ya kucheza upande mmoja.

KWA NINI SI MCHEZO

Huenda unajiuliza, "Kwa nini niumize kichwa, na nyimbo zote zimo katika simu?" Swali zuri. Zilizomo ni nyingi, lakini si zote. Kind of Blue haitapotea kamwe. Kampuni kubwa inaitunza na mamilioni ya watu wanayo. Lakini ile sahani ndogo iliyochapishwa Nairobi, ya bendi iliyorekodi mara mbili na kusambaratika, nani anaitunza? Kampuni nyingi zilizowarekodi wanamuziki wetu zilifungwa au ziliuzwa, na kanda za asili nyingi hazijulikani ziliko. Kikundi cha Ketebul Music cha hapa Nairobi, kinachoongozwa na Tabu Osusa, kimefanya kazi kubwa ya kuwatafuta wanamuziki wa kale na kukusanya historia ya benga na mitindo mingine. Lakini kikundi kimoja hakiwezi kubisha kila mlango wa Satellite na Kibera. Kwa nyimbo nyingine, msomaji, sahani iliyo chini ya kitanda cha babu yako huenda ni mojawapo ya chache zilizosalia duniani.

Mzee mmoja mtaani kwetu alikuwa na makatoni matatu. Alikuwa mkarimu wa maneno lakini mchoyo wa sahani. Alisema watu watamharibia. Hakumwazima mtu, hakumwalika mtu, wala hakuwaeleza wanawe kilichokuwamo. Alipofariki, wanawe walirudi kutoka mazishini wakiwa na siku mbili za kukabidhi chumba kwa mwenye nyumba. Makatoni yalimwendea mnunuzi wa vyuma na plastiki, yakapimwa kwa mizani. Siwalaumu vijana wale hata kidogo. Mtu hawezi kukilinda asichofunzwa kukithamini. Mchoyo wa santuri hudhani anaziokoa, kumbe anaziandalia kaburi pamoja na lake.

Kwa hiyo kushirikiana ni ulinzi. Sahani iliyosikilizwa na watu kumi ina mashahidi kumi, na mmoja wao atauliza habari zake siku mwenyewe atakapokuwa hayupo.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kusikiliza pamoja ni jambo moja, na kunakili ili kuuza ni jingine. Wanamuziki wetu walifilisishwa na kaseti za wizi katika miaka ya themanini na tisini. Wimbo ulipigwa kila baa, mwenyewe akapanda matatu kwa deni. Leo kaseti imetoweka, lakini vibanda vya kujaza nyimbo katika flashi viko kila kona. Sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka wa 2001 humlinda mtunzi maishani mwake na kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Rekodi yenyewe hulindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Maana yake ni kwamba nyimbo nyingi uzipendazo bado zina wenyewe, au wajane na watoto wa wenyewe. Mwalike mtu asikilize, umweleze, umwazime. Akiipenda, anunue kwa njia ya halali pale inapopatikana. Usimpikie mtu karamu kwa kuku wa jirani.

KAZI YA NYUMBANI

Enyi wanafunzi, hapa pana kazi isiyohitaji karo. Chukua daftari la kurasa arobaini na nane. Mwombe babu, nyanya au mjomba akufungulie sanduku. Kwa kila sahani andika jina la wimbo, la bendi, la mtunzi kama limeandikwa, jina la kampuni na nambari iliyo kwenye karatasi ya katikati. Nambari usiiache, kwani sahani nyingi hazikuandikwa mwaka, na wajuzi huutafuta mwaka kwa kuilinganisha nambari hiyo na nyingine. Kisha uliza ilinunuliwa wapi, na nani alikuwa akicheza dansi siku hiyo. Hilo la mwisho halimo katika simu yoyote, na litaondoka na mwenyewe.

Nanyi wazazi, mkiulizwa msiwe wakali. Mtoto anayeuliza habari za Western Jazz hajapoteza wakati wa masomo. Amefungua kitabu cha historia ambacho shule haikumpa, na mwalimu wake ni wewe.

Nanyi wenye sahani, itoeni moja leo. Moja tu. Ipanguse, mwite jirani, na kama mashine yako imekufa, mwulize jirani huyo kama yake bado inazunguka. Hivyo ndivyo vikao vingi vilivyoanza, mmoja akiwa na sahani bila mashine na mwenzake akiwa na mashine bila sahani.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia masikio mema. Na ukipita Satellite ukasikia saksofoni kutoka dirisha lililo wazi, bisha hodi, lakini njoo na sahani yako.